Fonti za Mwandiko wa Mkono: Zinapofaa na Zinapotuangusha Mwanza

Steshenari za Mwanza, kuanzia za katikati ya mji mpaka vibanda vinavyohudumia wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, zina ombi moja linalorudiwa kila siku: "Niwekee maandishi ya kupendeza, yale yanayofanana na mwandiko wa mkono." Anayeomba anaweza kuwa mama anayefungasha dagaa, kijana anayefungua kibanda cha juisi, au mwenyekiti wa kamati ya harusi. Fundi anashuka na orodha ya fonti, yaani mitindo ya herufi, kwenye kompyuta mpaka anafika kwenye moja nyembamba, iliyolegea, herufi zake zikipanda na kushuka kidogo juu ya mstari, na mteja anaridhika palepale. Baada ya muda maandishi yaleyale yanatundikwa kwenye bango la flexi kando ya Barabara ya Nyerere, na abiria wa daladala anapita bila kujua pale kinauzwa nini.

Nazipenda fonti hizi na sitaki zitoweke kwenye kazi zetu. Lakini fonti nyingi za aina hii zilizaliwa kwenye kalamu na karatasi, na bado ni za kitu kinachoshikwa mkononi, chenye maneno machache, ambacho nyuma yake yupo mtu anayeongea. Ukizitoa hapo zinakuharibia kazi. Na sisi wa kando ya ziwa tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili, kwa kuwa tunao mwandiko wetu wa mitaani, mnene na wenye nguvu, ambao unapungua ukutani mwaka hadi mwaka wakati tunalipia nakala za miandiko ya watu wa mbali.

Mwandiko na uchapaji havikupatana tangu mwanzo. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, kila herufi ilikuwa kipande chake cha madini, kimesimama peke yake, ilhali mtu anapoandika haraka herufi hushikana. Aliyelifumbua fumbo hilo kwa namna inayonistaajabisha hadi leo ni Mfaransa Roger Excoffon, ambaye mwaka 1953 alitoa fonti ya Mistral katika kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille. Aliichora kutokana na mwandiko wake mwenyewe, akapanga mwisho wa kila herufi ukutane na mwanzo wa yoyote itakayofuata. Wengi wetu tumekutana nayo bila kujua asili yake, maana imekuwa ikija na programu za Microsoft Office. Kabla yake, mwaka 1942, Robert E. Smith alikuwa ameitengenezea kampuni ya American Type Founders ya Marekani fonti ya Brush Script, ambayo nayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi na bado inapamba kadi za sherehe.

Kisha ikaja Comic Sans. Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994 baada ya kuona programu moja ya kuwarahisishia watu kompyuta, ambamo mbwa wa katuni alikuwa anaongea kwa herufi za Times New Roman. Aliona hailingani: mbwa anayechekesha hawezi kuongea kwa herufi za gazeti. Fonti yake haikukamilika kwa wakati ili iingie kwenye programu ile, lakini iliingia kwenye Windows katika kipindi cha Windows 95 na kutapakaa duniani. Mwaka 1999 wabunifu wawili wa Indianapolis, Dave na Holly Combs, wakaanzisha kampeni ya kutaka ipigwe marufuku. Julai 4, 2012, wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walipotangaza ugunduzi wa chembe inayolingana na ile ya Higgs, iliyokuwa imetafutwa kwa miaka mingi, mwanafizikia Fabiola Gianotti alionyesha matokeo ya kundi lake kwa slaidi zilizoandikwa kwa Comic Sans, na watu wengi wakaijadili fonti kuliko fizikia.

Kwangu mimi Connare alikuwa sahihi na waliomshambulia walikosea shabaha. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote yaliyofuata: nani anaongea hapa, na sauti yake ikoje? Mwalimu wa darasa la kwanza wa Igoma anayeandaa kadi za kusomea silabi ana haki kabisa ya kuichagua Comic Sans, kwa sababu herufi yake ya a imechorwa kama mtoto anavyofundishwa kuiandika, duara moja na kijiti pembeni, tofauti na ile a yenye kofia iliyopo kwenye vitabu vingi. Mtoto anachokiona kwenye kadi ndicho anachokiandika kwenye daftari.

Sasa turudi kwenye bango. Watu wa mabango wana kipimo chao cha kawaida: herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Kwa hiyo anayekutazama kutoka mita 30 anahitaji herufi ya sentimita 25. Hapo tunazungumzia herufi nene, zilizonyooka. Fonti ya kalamu ina matatizo mawili yanayokulia nafasi hiyo. Mistari yake ni myembamba, na jua la Mwanza la saa saba linaifuta mistari myembamba, hasa ikiwa nyeupe juu ya njano. Halafu herufi zake ndogo, yaani a, e, o na wenzake, ni fupi mno zikilinganishwa na zile zenye vijiti virefu kama k na b. Chukua Caveat, fonti ya bure ya Pablo Impallari wa Argentina ambayo imeenea sana kwenye intaneti. Iandike kwa ukubwa wa 12, kisha andika neno hilohilo kwa Arial ya 12, uone Caveat ilivyo ndogo. Fundi anayepima kwa namba ya ukubwa tu anamkata mteja wake sehemu ya bango bila yeyote kati yao kujua.

Fundi wa brashi hafanyi kosa hilo. Nenda Mwaloni, Kirumba, utazame ubavu wa mitumbwi. Kuna majina ya watoto, kuna dua, kuna mafumbo ya kumjibu mtu ambaye hatajwi. Mtazame fundi akiandika jina kwenye chombo kipya: anachovya brashi kwenye rangi ya mafuta, anaipangusa upande mmoja kwenye mdomo wa kopo, kisha anaishusha herufi kwa mkupuo mmoja. Mwanzo wa mstari unakuwa mnene, mwisho unachongoka kwa sababu rangi imepungua kwenye brashi. Anapofika kwenye kiungo cha mbao mbili anaikandamiza ili rangi iingie hadi ndani ya ufa. Akiona ubao unakwisha na jina bado halijakamilika, anazibana herufi mbili za mwisho zikae karibu karibu, lakini unene wake haupunguzi hata kidogo. Anajua jina hilo litasomwa na mtu aliye kwenye mtumbwi mwingine, majini, chombo kikiyumba.

Huo nao ni mwandiko wa mkono usio rasmi, tena una uchangamfu kuliko fonti yoyote niliyowahi kuiona kwenye orodha. Tofauti yake ni kwamba ulizaliwa kwa ajili ya kusomwa mbali. Anayetaka bango la barabarani lenye sauti ya mtu atafute mwandiko wa brashi, wa kompyuta au wa mtu halisi, na ile nyembamba aiachie menyu ya mezani.

Kuna jambo jingine ambalo fonti za nje haziwezi kulijua, nalo ni jinsi Kiswahili kinavyorudia herufi zake. Andika "Dagaa wa Mwanza" kisha uhesabu. Herufi ni 13, na kati ya hizo a ni sita, mbili zikiwa zimekaa bega kwa bega. Andika "Samaki wa kukaanga": herufi 16, a sita tena. Maneno yetu karibu yote huishia kwenye irabu, na a ndiyo inayotawala kuliko zote. Mtu akiandika kwa mkono wake, a sita zitakuwa sita kweli, moja imefunga vizuri, nyingine imeacha mdomo wazi, nyingine imelala. Kompyuta inakupa moja iliyopigwa muhuri mara sita. Jicho linaigundua haraka hata kama mwenye jicho hawezi kusema amegundua nini. Anahisi tu kwamba maandishi haya yanajifanya ya mkono na si ya mkono. Mwingereza ana nafuu hapo, maana herufi zake zimetawanyika zaidi.

Dawa ipo. Caveat, kwa mfano, imewekewa maumbo zaidi ya moja kwa baadhi ya herufi, na huyabadilisha kulingana na herufi za jirani. Lakini katika Word kipengele hicho huwa kimezimwa mpaka ukakiwashe kwenye mipangilio ya kina ya fonti, na sijaona steshenari nyingi zinazohangaika nacho. Bila hicho, fundi mwenye moyo anaweza kuibadilisha kila a kuwa mchoro na kuzigeuza mbili tatu kwa mkono, hii aipunguze kimo, ile aiinamishe. Kwa maneno matatu ya lebo ni kazi ya dakika chache, na lebo inakuwa hai.

Kisha kuna alama ya ng'. Eneo hili limejaa majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w, na kuna ng'ombe kwenye kila bucha. Baadhi ya fonti za bure hazina kabisa ile alama ya juu, basi kompyuta inaazima ya fonti nyingine, nene na iliyonyooka, katikati ya mwandiko mwembamba. Kwenye stika ya kioo cha nyuma cha daladala mambo ni mabaya zaidi: mashine ikishakata, fundi anapobandua mabaki, kile kialama kidogo kinatoka nayo. Jina la mtu linakuwa limeharibiwa. Kabla ya kuichagua fonti yoyote, andika Ng'wanza, ng'ombe na ng'ambo uone inavyokujibu.

Na tafadhali tuache kuandika fonti hizi kwa herufi kubwa tupu. Tumezoea kwamba kichwa cha habari lazima kiwe cha herufi kubwa, sawa, ila herufi kubwa za fonti ya kuunga, yaani yenye herufi zinazoshikana, zilichorwa ziwe za kwanza kwenye neno, zenye mikia na mikunjo ya kuongoza wenzake. Zikipangwa kumi mfululizo zinakatana na kupandana, na HARUSI inahitaji kufumbuliwa.

Harusi zenyewe ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu hapo kuna fedha za watu. Kadi ya mchango ina sehemu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni sauti: familia fulani inakuomba, kwa heshima na upendo, uungane nayo. Hapo mwandiko wa kalamu unafaa mno, na majina ya bibi na bwana harusi yanastahili kuwa makubwa kwa fonti hiyo. Ya pili ni taarifa: tarehe, ukumbi, na namba ya simu ya mweka hazina ambayo fedha zitatumwa. Namba zetu zina tarakimu kumi na nyingi huanza na 06 au 07. Katika fonti za mwandiko, 7 isiyo na kistari katikati na 1 yenye kikofia hufanana sana, na 0 isiyofungwa vizuri inasomeka 6. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, mchango wa shangazi wa Ukerewe unaingia kwenye simu ya mtu asiyemjua, na kuurudisha ni safari. Namba ziandikwe kwa fonti iliyonyooka, kubwa, zikiachwa nafasi baada ya kila tarakimu tatu. Hivyo hivyo kwa Lipa Namba iliyobandikwa kaunta.

Sheria hiyo hiyo iende kwenye tarehe ya mwisho ya matumizi, kipimo cha dawa, na maelekezo ya kuvaa jaketi la kujiokolea ndani ya boti. Watu wa ziwa ambalo MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018, hatuwezi kuyaandika maelekezo hayo kwa herufi za madoido.

Kuna pia suala la heshima. Nimewahi kusoma tangazo, limebandikwa ukutani, la kuwaamuru wauza mboga waondoe meza zao kabla ya siku fulani, limeandikwa kwa fonti ya mwandiko wa kitoto. Aliyelichapa huenda alitaka kupunguza ukali. Lakini mtu anayepoteza meza yake anastahili kuambiwa kwa herufi za kazi, zenye jina la ofisi na cheo cha aliyeamua, ajue pa kupeleka malalamiko. Fonti inayotabasamu juu ya amri inamficha mwenye amri.

Kinyume chake ni kanga. Maneno yake ni ya ndani kuliko yote tunayoyachapa: mapenzi, wivu, shukrani kwa mama, kumkomesha jirani. Yanachapwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, bila pambo lolote, na hakuna mwanamke aliyeshindwa kuelewa anachoambiwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba ujumbe hauwi na joto mpaka uandikwe kwa fonti laini, aitazame kanga iliyo kabatini kwake. Joto limo kwenye maneno, fonti inaweza kulisindikiza tu.

Pale zinapofaa, zinafaa kwelikweli. Fikiria pakiti ya dagaa waliokaangwa na kikundi cha akina mama wa Igombe au Kayenze. Mnunuzi anaishika mkononi, umbali wa nusu mita. Jina la bidhaa limeandikwa kwa mwandiko wa kalamu, kubwa, maneno mawili. Hapo fonti inasema jambo la kweli: kuna watu walioosha, wakakaanga na kufunga hii. Chini yake viungo, uzito na tarehe vimeandikwa kwa fonti iliyonyooka, na mnunuzi anaamini vyote viwili kwa sababu kila kimoja kiko mahali pake. Menyu ya mgahawa wa Capri Point nayo inaweza kuchukua mwandiko kwenye vichwa, "Kutoka ziwani", kisha sato na sangara na bei zake zikaja kwa herufi za kawaida. Kadi ya shukrani, maelezo mafupi kando ya picha, kitabu cha watoto, vyote humo.

Anayechapa fulana kwa skrini asisahau kwamba mstari mwembamba unakatika kwenye nyavu au unazibwa na wino, basi aunenepeshe kidogo kabla ya kutengeneza skrini. Anayefanya biashara asome leseni pia. Fonti nyingi zinazopakuliwa bure zinaruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na lebo ya bidhaa ni biashara. Zile zenye leseni ya wazi ya fonti iitwayo SIL Open Font License, Caveat ikiwemo, zinaruhusu kazi za kibiashara bila malipo.

Lakini hamu yangu kubwa ni tuwe na zetu. Kiswahili kinarahisisha kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Hatutumii q wala x, hatuna alama juu ya irabu, na c tunaihitaji kwa ajili ya ch tu. Fundi wa brashi wa Mwaloni akiandika kwenye karatasi kubwa herufi ndogo 24, kubwa 24, tarakimu kumi, nukta, mkato na ile alama ya ng', kazi imefika mbali. Kisha aongeze a nne tofauti, na mbili mbili za i, u, k na n. Karatasi zikishaskaniwa, herufi zinaweza kufuatishwa kwa Inkscape na kuunganishwa kuwa fonti kwa FontForge, programu mbili za bure zinazofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Butimba kuna chuo cha ualimu kinachojulikana kwa kufundisha walimu wa sanaa, Malimbe wapo vijana wanaozijua kompyuta, na mafundi wenyewe wapo ufukweni wakisubiri mtumbwi unaofuata.

Kabla karatasi ya kwanza haijaskaniwa, kuwe na makubaliano ya maandishi. Mwandiko ni mali ya fundi. Jina lake liwekwe ndani ya faili la fonti, alipwe kazi ya kuchora kwa bei inayolingana na siku alizoacha kuandika mitumbwi, na ikiwa fonti itauzwa, sehemu yake itajwe kwa asilimia, kwa Kiswahili anachokielewa, si kwa leseni ya lugha asiyoisoma. Wabunifu wa mji huu wanaweza kuanza na fundi mmoja tu, na fonti moja nene ya kuandikia "Sato wa kukaanga" isomeke kutoka ng'ambo ya barabara.